Risiti Moja

Nilikwenda Shanzu kuchukua mbwa mmoja.
Mmoja, nilimwambia Mbeyu wa kituoni,
mdogo, mtu mzima, asiyebweka ovyo,
kwa sababu mimi pia ni mtu mzima
na nyumba yangu ya Tudor ina vyumba viwili tu
na kimoja kimejaa nguo ambazo sijazigawa.

Mbeyu akafuta jasho kwa kiwiko,
akanipeleka banda la mwisho, lile la turubai,
na pale, juu ya gunia la mchele,
nikaona kitu kimoja chenye masikio manne.

"Huyu Kashata. Miaka kumi na mmoja, macho yamekwenda.
Huyu Simsim, umri hatujui. Meno yamebaki matatu
na kifua kinakohoa.
Walikuwa wa mama mmoja wa Kizingo.
Alipofariki watoto wakauza viti, wakauza friji,
hawa wakafungwa getini kwa kamba ya kuanikia."

Nikasema: basi nipe anayeona.

Hakunijibu. Alimwinua Simsim, akampitisha nyuma ya ukuta,
hatua kumi, labda kumi na mbili,
na yule kipofu akasimama.
Hakulia. Kilio ningekistahimili.
Alianza kuzunguka, pua chini, akilisoma gunia
kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta ufunguo
na huku anajua kuwa ameuacha ndani.

"Wanakwenda wote au wanabaki wote,"
akasema Mbeyu, akafungua kitabu cha risiti.
Na mmoja akitangulia? nikauliza.
Akaandika tarehe. Akaandika *mbwa*. Akaandika *2*.
Akanichania karatasi.

Wapendanao, tunasema, ni chanda na pete.
Mimi nina swali juu ya msemo huo tangu Machi,
tangu muuguzi alipomvua Mkawasi pete kwa kipande cha sabuni
akanikabidhi ndani ya bahasha ya vidonge:
chanda kikienda, pete hukaa wapi?

"Mpaka Tudor, na mbwa? Ongeza mia," akasema wa tuktuk.
Nikaongeza. Juu ya daraja la Nyali
upepo ukampiga Kashata usoni,
akapiga chafya mara tano mfululizo,
na Simsim, aliyekuwa akitetemeka tangu Bamburi,
akamlamba jicho moja lenye ukungu, kisha la pili,
bila haraka, kama fundi aliyerudi kazini.

Bi Shufaa alichungulia juu ya ukuta.
"Mzee Mwakio, mbwa? Wawili?"
"Ni wadogo, Bi Shufaa."
"Mate hayana udogo. Mate ni mate."
Tukakubaliana: watapita mlango wa nyuma,
na ndoo yao ikae mbali na mfereji.
Wiki ya tatu akauliza, macho yake kwenye nguo alizoanika,
"Yule wa kifua, jana alilala?"

Nilinunua mabakuli mawili, Marikiti.
Wanalia katika moja,
Kashata kwanza, Simsim akingoja, udenda ukimtoka.
Nusu kidonge cha moyo nakificha ndani ya hamri;
mara mbili amekila asiyeumwa,
nikapiga simu Shanzu roho mkononi
na Mbeyu akacheka mpaka salio langu likaisha.
Bakuli la pili nimelipandia mrehani.

Niliwatandikia jikoni. Hawakupataka.
Usiku wa kwanza nilisikia kucha sakafuni,
mmoja anatangulia, mmoja anafuata ukuta,
wakaingia kile chumba nisichoingia.

Asubuhi nikawakuta wameiburuta chini
leso ya Mkawasi, ile ya zambarau.
Miaka yote aliivaa, sikuwahi kusoma jina lake.
Nikachutama, miwani puani.
Naona herufi tatu tu.
Zilizobaki zimelaliwa.