Mkia wa G

Wakesho alikuja na simu iliyopasuka kioo,
akaiweka juu ya kibodi yangu kabla ya salamu.
"Barabara yaja, ukuta wavunjwa Jumatatu.
Nitilie hii kwenye bati."
Picha: ukuta wa Changamwe, vumbi la malori,
na maandishi mekundu aliyoyachora Kitsao
mwaka ambao mimi bado sijazaliwa:
BUCHA YA MWANG'OMBE.

Nilidhani ni kazi ya nusu saa.
Nikaandika jina, nikapitisha fonti moja moja,
nene, nyembamba, za harusi, za matanga,
kila moja ikifika kwenye NG' inajikwaa.
Ile ritifaa, fonti nyingi haziijui;
huiweka mbali, kama mgeni aliyeachwa mlangoni,
au huisimamisha wima kama msumari
usiotundikiwa kitu.
Fonti hizi hazijawahi kuita ng'ombe.

Basi nikafunga mlango wa kibanda changu chini ya ngazi,
Mwembe Tayari ikabaki nje na honi zake,
nikazigeuza herufi kuwa maumbo.
Hapo hakuna kurudi: neno haliandikiki tena,
huwezi kulisahihisha, waweza kulichonga tu.
Nikakuza hadi B ikajaa kioo chote,
ukingoni nukta, kila nukta na mikono miwili
kama mkokoteni wa Marikiti.
Vuta huku, tumbo la B linashiba.
Vuta kule, linafunga saumu.

Nikaiweka picha ya ukuta kwenye tabaka la chini,
nikaififiza, nikaifuata.
Alikuwa na mkono wa haraka, yule bwana:
A zake zimetanua miguu kama mtu anayeshusha gunia,
O yake si duara, ni yai lililolala ubavu,
na ritifaa (nikacheka peke yangu)
si ritifaa, ni tone
lililoanguka brashi ikipita, akaliacha, likatosha.

G ndiyo iliyonisumbua.
Mkia wake ulikatika katikati, ukaruka,
ukaenda kuishia pasipo pake.
Nikaunyoosha. Nukta tatu nikazifuta,
mbili nikazilainisha,
ukatoka mkia safi, mkia wa hoteli ya Nyali.
Nikajisifu, nikanywa chai.

Wakesho akarudi Alhamisi, ananuka sabuni na mafuta ya nyama.
Akatazama. Akasogea.
"Umeondoa teke langu."

Alikuwa na miaka sita. Kitsao yuko juu ya ngazi,
baba yuko ndani anapasua mbavu,
naye amenuna kwa kunyimwa soda,
akaipiga ngazi teke.
Kitsao hakushuka, hakutukana,
alisema tu, "Haya, nawe umeandika."

Nikabonyeza kutendua, mara ishirini, mara hamsini:
programu ilishasahau.
Nikajaribu kuuvunja, nukta hapa, nukta pale,
ukatoka mkia wa kuigiza ulevi,
kila mtetemo umepimwa.
"Si hivyo," akasema. "Si hivyo pia."

Mwisho nikachukua kalamu ya kuchorea,
nikamwambia, simama nyuma yangu,
na usiniambie lini.

Nikaanza juu ya G, nikashuka polepole, nimebana pumzi
kama ninayemtia mtoto wanja,
na mama huyu wa miaka arobaini,
mwenye deni la friji na watoto wanne,
akakipiga kiti changu teke.

Tulihitaji mara nne.
Ya tatu ilinimwagia chai mapajani.
Ya nne hatukuigusa,
nikaihifadhi: bucha_mwisho_kabisa_2,
naye akauliza rangi itakauka lini,
na kama bei bado ni ile ile.