Safu ya Maelezo

Daftari la zamu lina safu sita:
tarehe, saa, mahali, mnyama, idadi, maelezo.
Safu ya maelezo ni nyembamba kama kidole changu cha mwisho.
Ofisa Ndahani, aliyeichora kwa rula kule wilayani,
hajawahi kulala huku mvua ya kwanza ikishuka.

Miezi saba niliandika vumbi.
Digidigi, wawili, chini ya mgunga.
Digidigi, wawili, palepale.
Septemba: nyayo za fisi kwenye korongo lililokauka;
maelezo: alichimba, akaondoka.
Oktoba: gunia la mkaa, moja, bado lina joto.
Mkaa hauna safu. Nikauweka kwa wanyama.

Kisha usiku mmoja, mwisho wa Novemba,
bati la kambi likapigwa konzi. Moja. Mbili.
Halafu ngumi.
Damari akatoka na sufuria, na ndoo, na kofia yake ya kazi,
akatega kila kitu kilicho na mdomo,
akasimama katikati yao, naye kaachama.

Asubuhi nchi yote ya Chemba ilinuka chungu kipya.
Kumbikumbi walifumuka ardhini
na wenye njaa hawakungoja kuitwa:
hondohondo kumi na wanne,
mwewe wageni, nikapoteza hesabu nikaanza tena,
kobe mmoja, shingo nje, mwenye haraka
(sikujua kobe ana haraka),
na sisi, na kikaango.
Niliandika: binadamu, 2. Maelezo: wameshiba.

Siku ya tatu tandala jike na ndama
aliyekuwa bado anajifunza magoti yake.
Siku ya tano vyura, idadi: acha tu.

Na Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri,
pale ambapo
kakakuona.

Alikuja kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani,
kama mtu aliyetumwa barua asiyoruhusiwa kuisoma.
Maji yaliteleza juu ya magamba, gamba hadi gamba.
Akanusa kiatu changu. Akakiona hakina mchwa.
Akapita.

Nilipokuwa na miaka sita walimleta mmoja kijijini.
Wakamtandikia ngozi, wakampangia mbele yake
kibuyu cha maji, uwele, mundu.
Akagusa maji; wanawake wakapiga vigelegele
hadi mbuzi wakakata kamba.
Mwaka ule tulivuna, nakumbuka, maghala yalijaa.
Yeye alirudi vipi kwao, sikumbuki.
Sidhani kama kuna aliyeuliza.

Juzi mtu wa pikipiki alimsimamisha Sedekia, mdogo wake Damari,
akiwa na mbuzi zake njia panda.
Akamuuliza kama huku yuko yule wa magamba.
Akataja bei.
Sedekia alituhadithia akichora mchangani kwa kijiti:
ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe,
na wa nne, bila pembe, maana kijiti kilivunjika.

Ukurasa wangu hupigwa picha kila Jumamosi.
Picha huenda wilayani, kutoka wilayani huenda mkoani,
na simu ni nyingi, na macho ni mengi,
na miongoni mwa macho sijui ni yapi yana pikipiki.

Tarehe, nikaandika.
Saa, nikaandika.
Mnyama, nikaandika kwa herufi kubwa, mkono ukitetemeka kwa raha.
Idadi: 1.
Mahali, nikaandika pia, kwa sababu niliapa kuandika.
Ndipo tone likadondoka kutoka kwenye ukingo wa bati
juu ya neno lenyewe.
Nikalisaidia kwa kidole.

Jumatatu Ofisa Ndahani akapiga simu.
"Hapa kwenye mahali hapasomeki."
"Ni mvua, afande."
Kimya. Nilisikia feni ya ofisini kwake,
nikasikia akifunua ukurasa, akiurudisha.
"Na yeye? Alikuwaje?"
Nikatafuta maelezo ya kutosha kidole cha mwisho.
"Mzima," nikasema. "Alikuwa na safari."
Akakohoa.
"Basi na inyeshe," akasema, akakata.