Nyuzi Nane

Turi, saa kumi na moja alfajiri.
Ukungu umeketi juu ya viazi kama mwenye shamba,
nami nafungua kituo cha maziwa kwa bega,
maana mlango huu huvimba kila mvua.

Mizani iko hapa. Tangi la chuma liko hapa.
Kishikwambi cha chama kimening'inia kwenye msumari,
betri yake asilimia kumi na tisa.
Asilimia kumi na tisa ni mitungi mingapi?
Hesabu hiyo nimeijua kwa kuumia:
hufika kwa Njambi wa Gathogo,
halafu giza.

Jumanne ile giza liliingia kwenye lita zake.
Kumi na moja na nusu. Nimeziona kwa macho haya,
nimezibonyeza kwa kidole hiki chenye baridi,
na kioo kikafumba jicho kabla hakijatuma.
Mwisho wa mwezi karatasi ikasema: sifuri.
Njambi hakupiga kelele. Afadhali angepiga.
Aliuweka mtungi mtupu juu ya mizani, akasema,
"Pima huu basi, Jelimo. Tuone utaandika nini."

Msidhani hatukuwa na mtandao.
Kisanduku kiko ofisini, kinapepesa taa zake za kijani,
lakini kati yangu nacho kuna tangi,
lita elfu tatu za chuma na ubaridi,
na neno likigonga tangi hurudi lilikotoka.
Na soketi? Moja tu, na mwenyewe ni mashine ya kupoza.
Nani atachomoa mashine, maziwa ya kijiji yachachuke,
ili kishikwambi kinywe?

Ndipo akaja Kerubo, fundi, kutoka Nakuru mjini,
buti za mpira, mkasi mdomoni,
kebo ya buluu begani kama kamba ya ndama.
Adapta ya kwanza ilileta habari, haikuleta chakula:
kishikwambi kikasema sana, kikafa saa mbili kasorobo.
Ya pili ililisha, ikawa bubu.
Bwana Tuwei, mwenyekiti, akasoma risiti kwa sauti
mpaka tukazikariri.

Ya tatu aliileta Ijumaa ndani ya soksi, isilowe.
Ndogo. Ningeweza kuimeza.
Akaichana ncha ya kebo ili nione:
nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili,
wa chungwa na mwenzake mwenye weupe,
wa kijani, wa buluu, wa kahawia,
kila mmoja na wake.
"Humu humu stima inapita, na neno linapita.
Hawagongani."

Nikamwuliza nani hutangulia.
Akafikiri, mkasi ukiwa hewani.
"Swichi huuliza kwanza: upo? Wataka kiasi gani?
Ikijibiwa, hufungulia stima.
Mazungumzo baadaye."

Nikacheka peke yangu.
Mama yangu alikuwa hivyo hivyo mlangoni:
Umekula? Nikupakulie kiasi gani?
Kisha bakuli.
Ndipo habari za ulikotoka.

Jumatatu. Tlak, ncha ikaingia.
Kishikwambi kikaonyesha kiradi kidogo kwenye betri,
na Njambi akamimina: tisa na robo.
Simu ikatetemeka ndani ya koti lake
kabla hajafunika mtungi.
Akasoma. Akasoma tena, midomo ikitembea.
Nilingoja hata nusu ya tabasamu.

"Na zile kumi na moja na nusu?"

Chama kilikuwa kimepiga marufuku madaftari.
Langu lilikuwa chini ya gunia la chumvi ya ng'ombe,
lina harufu ya mtindi, kurasa zimejikunja,
na mstari wa Jumanne ile umo, kwa kalamu,
mwandiko wa mtu anayetetemeka kwa baridi
na aliyeogopa kazi yake mwezi mzima.

Nikamwonyesha.
Aliufuata mstari kwa ukucha mpaka mwisho,
akalifunga daftari, akanirudishia mkononi.
"Hii mpelekee Tuwei," akasema.
"Kwa miguu."