Shina la Tatu

Jumanne ya pili ya kila mwezi mimi ndiye mwenye funguo.
Mlango wa ukumbi, nyuma ya kanisa, hausukumwi,
hubembelezwa kwa bega.
Nawasha hita. Inakohoa, inajiuliza, inawaka.
Natandaza magazeti, napanga ndoo saba
kwa mazoea tu. Tangu Februari tumebaki sita.

Nje, mvua ya Dolgellau: haiji, haiondoki,
imekaa tu, kama shemeji.

Mwalimu wetu ni Bi. Tazuko. Ndoa ndiyo iliyomleta Welisi,
mke wa daktari wa kondoo,
miaka arobaini sasa, na bado hatoi "vizuri" bure.
Hukusimamia begani. Hufumba jicho moja.
Kisha mkasi: kwach.
Lile tawi ulilolionea fahari liko sakafuni.
"Haya," asema, "sasa hewa ina pa kukaa."

Gwenfron hulia kila mara. Si uchungu, hujitetea,
ni bei: zile okidi kazinunua mwenyewe.

Shin, soe, hikae. Mashina matatu.
La kwanza lasimama, la pili laegemea,
la tatu kazi yake kujizuia,
na ndilo gumu kuliko yote.

Machi alikuja Idwal na boksi la biskuti.
"Vitu vya Mererid," akasema, kofia ikichuruzika maji.
Bakuli la buluu lenye ufa. Aproni. Na kenzani,
kile kitako cha risasi chenye miiba ya shaba
kinachong'ata shina lisianguke.
Asiyekuwepo na lake halipo, husemwa.
La Mererid lilikuwepo. Lilikuwa mezani, lina miiba,
na hakuna aliyethubutu kuligusa.
Bi. Tazuko akavuta kiti, akasukuma ndoo kwa mguu.
"Hii yako."
Mzee wa watu akakaa. Hata koti hakuvua.

Mei tulikodi basi dogo la shule,
linanuka ndizi na soksi, Idwal kwenye usukani,
tukapanda hadi machimbo ya kale ya sleti
ambako mlima ulipasuliwa vipande ukaezeka nyumba za watu wa mbali
na makapi yake yamebaki vichuguu vyeusi, vimeloa.
Rododendroni imetapakaa kote, zambarau tupu:
mgeni aliyekaribishwa bustani ya bwana mkubwa
akala bustani, akala msitu, sasa anautaka mlima.
Bwana misitu akatuambia, kateni. Kateni mpaka mkono uchoke.
Sijapata kuona uharibifu ukiombwa kwa upole namna ile.
Tukajaza basi hadi madirisha.
Bi. Tazuko akazunguka robo saa kati ya maua elfu
akakata tawi moja,
lililopinda, lenye jani lililoliwa na mdudu.

Juni, somo la bakuli la kina kifupi.
Idwal, aliyeendesha malori miaka thelathini,
akasimamisha shina la kwanza kama nguzo ya simu.
La pili likatii.
La tatu likaanguka. Akalirudisha. Likaanguka.
Mara ya nne akalitukana kwa Kiwelisi,
tusi zima, la machimboni, ukutani mwa nyumba ya Mungu,
na Gwenfron, kwa mara ya kwanza, akalia kwa kucheka.
Mwalimu akaja na mkasi. Tukanyamaza.
Akafumba jicho. Akalifumbua.
Akautia mkasi mfukoni, akaenda kuchemsha chai.

Saa tatu usiku nafunga. Namwaga maji, nahesabu ndoo: saba.
Katika ya mwisho kuna kangaga mmoja, mchanga,
bado kajikunja kama ngumi.
Nimemweka nyumbani, kwenye jagi la maziwa.
Sijui kama kusahau kule kulikuwa kusahau.
Sijamwuliza.
Anaanza kufunguka, upande wa kushoto kwanza.