Kwa Atakayekalia Kiti Hiki

Ukiufungua mfumo huu utanilaani.
Najua. Nami nilimlaani aliyenitangulia
wiki tatu nzima,
mpaka nilipoingia kikao cha kwanza.

Utaona skrini ya kupokea asali
inadai idhini nne kabla ndoo haijapanda mizani.
Usitafute sababu kwenye msimbo.
Sababu iko ghorofa ya pili:
idara nne, milango minne,
na kila mlango una mtu asiyetaka kurukwa.
Idhini ya tatu ni ya Bwana Mhoja wa Usafirishaji.
Alistaafu mwaka juzi. Kitufe chake hakikustaafu;
nani angethubutu kuandika kwenye muhtasari
kwamba kazi iliendelea bila yeye?
Hukibonyeza Mwamvua wa mapokezi,
saa nne na nusu, akishamaliza chai.

Ujumbe wote wa makosa uko kwa Kiingereza.
Wapimaji wa Ipole na Kitunda hawakisomi.
Anakisoma mkaguzi,
na mkaguzi huja Tabora mara moja kwa mwaka.

Lugha iliyoujenga si niliyoichagua.
Nilipeleka pendekezo la kurasa mbili:
mfumo mdogo, simu ya bei ya chini,
kumbukumbu zilale humo humo simuni
mpaka mtandao utakapojisikia kurudi.
Meneja alizipima zile kurasa kwa vidole.
"Mbona nyembamba?"
Wageni kutoka Dar walileta kabrasha la kurasa mia na themanini
na kalamu zenye nembo.
Wakasema kila kitu kitakaa kwenye wingu.
Ilikuwa Septemba. Nikatazama dirishani:
mbingu nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga,
vumbi la barabara ya Sikonge,
wingu hakuna, hata la kuazima.
Nikacheka. Peke yangu.
Tangu siku ile, kwenye mahudhurio naandikwa "mwalikwa".

Usidhani hawakujua.
Mhasibu Kasanda alijua. Aliniambia chooni,
amefungua bomba ili sauti isitoke:
"Kijana, kitu cha ghali kikiharibika, ni bahati mbaya.
Kitu cha bei rahisi kikiharibika, ni wewe."
Hiyo ndiyo sera yetu ya teknolojia.
Haijaandikwa popote, ndiyo maana
haijawahi kuvunjwa.

Mama yangu anafuga nyuki. Kwenye mzinga wa gome
masega yake hutoka ya mviringo;
kwenye sanduku la mradi, ya pembe nne.
Nyuki ni wale wale.
Nilitaka kulisema hili kikaoni,
lakini ajenda ilikuwa rangi ya nembo.

Sasa nisikilize. Kuna faili linaitwa mengineyo.
Halifunguliwi na mtu. Unajua mwenyewe:
mwenyekiti akifika "mengineyo"
watu wameshaanza kuulizana habari ya posho.
Humo nimeficha zile kurasa zangu mbili,
sasa ni mistari mia nne.
Mtandao ukikatika, Ipole wanapima,
simu inaandika, inanyamaza, inangoja.
Ndoo hazikai juani. Wenye asali hawalali kituoni.
Na mtandao ukirudi, kila kilo hupanda winguni
kana kwamba ilikuwa huko tangu asubuhi.

Ripoti ya robo mwaka ililisifu wingu
kwa uthabiti wake katika mazingira magumu.
Tulipiga makofi.
Mimi nilipiga kwa nguvu zaidi,
nikimwangalia Kasanda, naye akiangalia viatu.

Usilifute faili hilo.
Au lifute, kama una moyo wa kusimama kikaoni
useme liliwekwa kwa sababu gani.
Mimi sikuupata moyo huo, miaka sita.

Ufunguo wa chumba cha seva anao Mwamvua.
Usimgongee kabla ya chai.