Chambua

Karatasi ilirudi na wino mwekundu pembeni:
"Swali limesema chambua. Wewe umesimulia."
Saba kati ya ishirini.
Nami nilikariri daftari zima,
hata ukurasa uliomwagikiwa na uji.

Jioni ile Mtambwe, ukumbini kwa Bi Mize,
karafuu mbichi zimerundikwa juu ya jamvi,
kila mtu na kishada chake kiganjani:
unakipinda, unasukuma kwa kidole gumba,
karafuu huku, makonyo kule.
"Huchambui wewe," bibi akanambia, "unapukusa tu."

Mkono ukasita.

Tangu hapo silikimbilii swali.
Nakipigia mstari kitenzi chake: jadili, linganisha, fafanua;
nauliza linataka nini,
na nini halikuniomba.
Nafunga daftari.
Naandika hoja nne nyuma ya bahasha,
kila moja na mfano wake wenye jina na mahali,
saa ya marehemu baba ikinihesabia dakika arubaini.
Iliyonipotea leo ndiyo naanza nayo kesho.
Asya hunibishia kupitia dirishani,
"Kwa nini? Nani kasema?"
mpaka hoja mbili zinaanguka
na mbili zilizobaki zinanukia.

Mtihani Jumatatu. Vidole vingali vyeusi.
Nimemuuliza Bi Mize, je, makonyo tunayatupa?
Kacheka.
"Hata makonyo yana mnunuzi wake, mwanangu.
Lakini si ndani ya gunia hili."