Mia Moja Thelathini na Mbili

Hakuwa nyoka, hakuwa nyungunyungu,
na Bi Somoe Chitanda hakuwa akimtafuta.
Alikuwa akichimba ming'oko, Rondo, mvua za mwisho za Aprili,
magoti yamelowa, muo mkononi,
udongo ukafunguka kama mkate wa kumimina
na ndani yake kitu kikajikunja,
rangi ya ulimi wa mtoto aliyeshiba zambarau.

"Kina vichwa viwili!" mjukuu akapiga kelele,
akaruka hadi kwenye mihogo.
Bi Somoe hakuruka.
Alikitazama kilivyouzunguka mzigo wake:
vitoto sita, vyeupe kama nyuzi za katani,
vinamparua mama yao ngozi,
vinaila.
Na mama katulia
kama mtu anayesukwa nywele.

Sisi tulifika siku ya nne, gari la kukodi kutoka Lindi mjini,
ndoo, kurunzi, vibali vyenye mihuri mitatu.
Dereva wetu, Nampoto, ndiye aliyemwona wa pili,
chini ya gogo la mvule lililooza upande mmoja.
"Huyu hapa ndugu yake," akasema,
kama anayeonyesha nyumba.

Kumweleza kiumbe mpya huanza kwa kunyima.
Andika: miguu, hakuna.
Mkia, hakuna.
Masikio, hakuna.
Macho yapo, ila chini ya ngozi,
taa iliyoachwa ikiwaka
katika nyumba iliyokandikwa mlango.
Ukiishiwa cha kukataa ndipo unaanza kuhesabu,
na ili uhesabu, sharti asitikisike.

Katika ripoti tumeandika: alilazwa usingizi.
Sentensi fupi.
Mimi ndiye niliyeshika beseni.
Dakika kumi na moja.
Alikuwa akitafuta kona,
na beseni ni la duara.

Kisha pete za mwili, moja moja, kwa ncha ya sindano:
mia moja thelathini na mbili.
Nampoto akahesabu kwa kijiti cha kuchokolea meno,
midomo ikicheza bila sauti.
Vilevile.

Jioni tukampelekea Bi Somoe habari njema:
kwamba tumepekua madaftari yote
na hayupo mwingine kama huyu;
kwamba jina lake, Somoe, tutalivika mkia wa Kilatini
likae humo hata sisi tukiwa udongo.
Akaendelea kumenya ming'oko, mvuke ukimpanda usoni.
"Nina binti anaposwa mwezi ujao.
Mnataka wakwe wasikie mama mtu ni mdudu wa shimoni?"
Tukacheka. Yeye hakucheka.
"Halafu, jina ni la kuitia.
Huyo hana masikio.
Mtamwita aje wapi?"
Akatusogezea sahani.

Nyumba ya wageni, Lindi, saa saba usiku.
Feni inasuasua, umeme unakuja na kuondoka.
Mbele yangu fomu. Jina. Nukta mbili. Nafasi tupu.
Kando yake chupa, na ndani ya chupa yeye,
lebo imefungwa kiunoni kwa uzi mweupe,
RD 0417, mwandiko wangu.
Yule wa kwanza tulimrudishia udongo wake, yeye na wanawe.
Huyu ni wa pili, wa chini ya gogo,
alikuwa peke yake.
Hivyo ndivyo ninavyojiambia.
Sikulipindua gogo lile tena kuona.

Kwa kuwa usingizi haukuja, nikahesabu upya.
Mia moja thelathini na moja.
Nikarudia kutoka kichwani.
Mia moja thelathini na moja.
Nikafikiri ni macho, nikafikiri ni umeme,
nikafikiri ya Bi Somoe.
Nikawasha kurunzi, nikaigeuza chupa taratibu
mpaka kivuli cha lebo kikapisha.

Pete moja iko chini ya uzi.